Magurudumu ya Mbele ya Panzi

Mtaani wanamwita Kaza, na wageni hudhani ni sifa. Mtu akileta gari lenye gurudumu linalotikisika, jirani humwambia, "Mpelekee Kaza, yule akikaza amekaza," na mteja huenda ametulia roho. Hajui jina hilo limetoka wapi. Watu wazima wanajua, lakini nao wameshalizoea, na jina likizoeleka hata kejeli yake hufifia. Kwa mwenyewe haikufifia hata siku moja.

Lilianza hivi. Baba yake, ambaye karakana nzima humwita Mzee, alikuwa fundi wa magari ya mashindano, na mjini hapakuwa na fundi wa kumtia mfukoni. Alikuwa na gari lake mwenyewe, alilolinunua likiwa skrepa akalifufua: la mtindo wa zamani, kiti kimoja, mwili mwembamba wa bati, magurudumu manne yamechomoza nje bila kufunikwa na kitu. Kwa ajili ya miguu hiyo watu wakaliita Panzi. Dereva wake alikuwa mwana wa kwanza wa Mzee. Mwana wa pili, ndiye huyu, alikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijamwota, akapewa nyundo ya shaba na kazi moja tu: kabla ya mbio aigonge nati kubwa ya katikati ya kila gurudumu mpaka ikatae kusogea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kazi ya maana. Akagonga. Anakumbuka aligonga mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Katikati ya mbio gurudumu la mbele la kulia likachomoka, Panzi akapinduka, na kaka yake akafia palepale kwenye nyasi. Aliacha mke ambaye bado alikuwa msichana, na mtoto wa kike ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Siku ya maziko, watu wamejaa, Mzee alimtazama mwanawe wa pili akasema, "Nilikwambia kaza. Neno moja tu nilikwambia. Kaza." Hakumpiga, hakumtukana. Lakini neno limeshatoka, na neno la namna hiyo halisubiri kupewa nauli. Kufikia wiki iliyofuata vijana wenzake walikuwa wakimwita hivyo.

Wewe na mimi tungehama mji. Yeye alibaki. Alibaki palepale karakanani, akajifunza kazi yote ya baba yake, akaoa, akazaa, nywele zikaanza kumtoka utosini, na mpaka leo hakuna gari linaloondoka mikononi mwake kabla hajazunguka magurudumu yote mara kadhaa, akigusa kila nati kama mama anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. Wateja humtania. Yeye hucheka nao. Kicheko chake ni cha mtu anayelipa kodi.

Mjane wa kaka yake hakuolewa tena. Mzee alimfanya binti yake, naye akamfanya Mzee baba yake mzazi: ndiye anayempikia, ndiye anayemfulia, ndiye anayemkumbusha dawa. Ila Kaza akimsalimia, "Shemeji, habari za asubuhi," shemeji hutazama upande mwingine kama aliyeitwa na mtu wa ng'ambo ya barabara. Kwa miaka zaidi ya thelathini Kaza hakuwahi kuacha kumsalimia. Katika dunia hii alitaka kitu kimoja tu, aitikiwe.

Yule mtoto aliyekuwa hajajua kukaa sasa ni mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika kabla ya mwenyewe kuonekana. Yeye hakurithi chuki ya mama yake. Asubuhi moja aliingia karakanani akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Leo hujagonga ukuta wa mtu?"

"Wanaogonga ni wanafunzi. Mimi nimeajiriwa kupiga kelele tu." Kisha hakucheka tena. "Baba mdogo, nataka Panzi aamke."

Alieleza. Wapenzi wa magari ya zamani wangefanya siku yao kwenye ule uwanja wa mbio wa zamani. Hakuna kushindana, kila gari linazunguka taratibu watu waone. Yeye alitaka azunguke mara moja tu, kwenye kiti cha baba yake. "Sauti yake siijui," alisema. "Sina kitu chake isipokuwa picha mbili na gari lililofunikwa turubai. Wenzangu wanakwenda makaburini. Mimi nataka niwashe injini."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiliwa la kubania vyuma, mahali anapokaa siku hizi kutoa amri na kukosoa. Alisema hapana kabla mjukuu hajamaliza. Tangu siku ya ajali alikuwa amepiga marufuku mtu kumgusa Panzi. Alikuwa amelifunga kwa gunia na waya lile pande la chuma lililobaki wazi gurudumu la kulia lilipochomoka, akashusha turubai, basi. Kila mtu aliona ni majonzi ya mzazi, na nani angemwingilia mzazi katika majonzi yake?

Lakini maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mjukuu alikuwa nayo tele. Alikuja leo, akaja kesho, akamkalia babu yake miguuni, akambembeleza. Mwisho Mzee akasema, "Haya. Nimechoka kusema hapana."

Ikabaki ruhusa ya mama. Shemeji alifika mwenyewe, akasimama mlangoni pa karakana, akazungumza na Mzee huku mgongo wake akiuelekeza kwa Kaza.

"Baba, sikatai. Mtoto ameshakuwa mtu mzima. Ila magurudumu uyafunge wewe kwa mkono wako. Huyu asiyaguse."

"Nitayafunga mimi, mwanangu," akajibu Mzee.

Huyu! Mtu ana jina, ana jina la utani, ana ushemeji, na bado aliitwa huyu. Kaza aliinama akaendelea kusugua bomba ambalo lilikuwa limeshatakata.

Kazi ikaanza. Injini ilikuwa imeshika, pistoni zimeng'ang'ania ndani ya silinda kama wapangaji wasiotaka kuhama. Kaza alimimina mafuta ya taa na mafuta ya injini kupitia matundu ya plagi, akaacha yapenye. Kila asubuhi alishika mkono wa kuzungushia, akausukuma, ukakataa, akamimina tena. Tangi la petroli lilikuwa limejaa kutu. Alitia ndani mnyororo na kokoto, akalitikisa mpaka mabega yakaomba msamaha. Bati lililobonyea kwenye ajali alilinyoosha pole pole juu ya mfuko wa mchanga, na hapo mara nyingi alilazimika kuacha, akatoka nje, akapumua, kisha akarudi. Kila mbonyeo ulikuwa na habari yake, naye hakutaka kuzisoma. Siku moja alijipenyeza kwenye kiti ili apime pedali. Kiti kilikuwa chembamba, kimekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mabega yake yalikwama palepale yalipokaa mabega ya kaka yake. Alikaa humo akalia bila sauti, na Mzee kutoka kwenye kiti chake akauliza, "Pedali zinafika?"

"Zinafika, Baba."

Asubuhi pistoni zilipoachia, mkono ukazunguka wote kwa mlio mzito wa mafuta, Kaza alipiga ukelele ambao haukumstahili mtu wa umri wake. Hata Mzee alitabasamu. Kwa siku kadhaa karakana ikawa na furaha ambayo haikuwahi kuonekana humo tangu zamani.

Kwenye ekseli ya mbele Kaza alikuwa na mpaka wake. Breki alizitengeneza kwa nyuma, bila kugusa gurudumu la kushoto lililokuwa bado limefungwa wala kulifungua lile gunia la kulia. Gunia lile hata kulitazama hakutaka. Alifanya jambo moja tu, tena kwa mazoea. Kila kifaa kikifika mikononi mwake hukitia alama kwa msumari wa chuma kigumu, ili kikifunguliwa kirudi kwao: nukta moja kushoto, nukta mbili kulia. Basi akagonga nukta moja pembeni mwa drami ya breki ya kushoto na mbili kwenye drami ya kulia. Drami zenyewe zimeungana na habu, lile pande la chuma linalobeba gurudumu na ambalo nati kubwa huvishwa juu yake. Habu ikihama, drami inahama nayo.

Zilipobaki siku chache, Mzee alimwambia, "Leo nenda nyumbani mapema. Yaliyobaki ni yangu."

"Macho yako, Baba. Nikae nikushikie taa?"

"Vidole vyangu vina macho kuliko wewe. Nenda."

Kesho yake Kaza alitangulia kufika. Panzi alikuwa amesimama juu ya mawe, habu zimefungwa, zimepakwa grisi mpya, magurudumu yameegemezwa ukutani tayari kuvishwa. Alipita akiangalia kwa kuangalia tu. Upande wa kushoto akaona nukta mbili.

Alizunguka mbio hadi kulia. Nukta moja.

Mzee kazivuruga! Macho yake yamemponza, kaifunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Fundi yeyote wa magari ya aina ile anajua hatari yake. Nati za pande mbili hazifanani: ya kushoto hukazwa kawaida, kwa kufuata mishale ya saa, ya kulia hukazwa kinyume, na zimetengenezwa hivyo makusudi ili mwendo wenyewe wa gurudumu uzidi kuzikaza. Habu zikibadilishana pande, mwendo huohuo unazilegeza, kidogo kidogo, hata kama umezigonga kutwa nzima. Na binti wa kaka yake ndiye atakayekaa humo!

Alichukua nati ya kulia, akaivisha ili ajiridhishe kabla ya kufungua. Ikaingia kinyume, kama inavyotakiwa. Akakimbilia kushoto. Ikaingia kawaida, kama inavyotakiwa.

Zilikuwa sawa. Mzee hakuvuruga kitu. Mzee alikuwa amesahihisha.

Kaza alikaa chini sakafuni penye mafuta. Kama leo zilikuwa sawa, basi jana, zilipokuwa bado kama zilivyoletwa kutoka kwenye ajali, zilikuwa kinyume. Na alikumbuka vizuri nani alizifunga. Siku moja kabla ya mbio Mzee alibadilisha beringi za mbele mwenyewe, akafukuza kila aliyetaka kumsaidia. Yeye, kijana wa nyundo, alikabidhiwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu. Aligonga nati upande zilikokuwa zikikazika, kwa sababu hakujua kwamba upande huo ulikuwa wa makosa. Alikaza kweli. Kiganja kile chenye malengelenge kilikuwa na haki.

Fimbo ya Mzee ilisikika mlangoni.

"Baba," akasema Kaza bila kuinuka, "umezibadilisha habu pande."

"Zipo sawa."

"Najua zipo sawa. Ndicho ninachokuuliza."

Mzee alitafuta kiti chake kwa mkono, akakaa. Hakuomba msamaha. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Lilipoletwa juu ya lori nilipitisha kidole kwenye habu, nikajua." Alisugua magoti. "Nilikuwa na haraka. Watu walijaa hapo mlangoni wananisifu. Ukisifiwa sana mkono unakuwa mwepesi."

"Na mimi je? Uliniita Kaza mbele ya kaburi, Baba."

"Wewe ulikuwa kijana. Kijana akikosea watu wanasema ni utoto, yanapita. Mimi ningesema, nani angeleta gari hapa tena? Mngekula nini? Wewe, mama yako, mjane, yule mtoto? Nilidhani utasahau. Nilidhani wote watasahau."

"Shemeji hajasahau."

"Ngoja nife," akasema Mzee. "Sina mingi. Nikishafukiwa sema yote, hata kwa kipaza sauti. Nimezoea kuheshimiwa, mwanangu. Namna nyingine ya kuishi siijui."

Kaza alitoka hadi nyuma ya karakana, penye rundo la ekzosi mbovu, akashika ukuta. Alikuwa na hasira ya kuvunja kitu na furaha ya kuimba, zote mara moja, na hakujua ipi aitoe kwanza. Angeweza kwenda kwa shemeji sasa hivi, angefika na grisi mikononi, aseme. Lakini akisema, Panzi hatatoka. Binti atakosa siku yake, na mzee mwenye ukungu machoni atabaki bila mtu wa kumpa dawa. Mzazi ni mzazi, alijiambia, na maneno hayo yalikuwa machungu kama kidonge kilichokwama kooni. Aliamua kungoja.

Siku ya siku, uwanja wa zamani ulikuwa na lami iliyopasuka na nyasi zilizokatwa juzijuzi. Magari yaling'aa, watu walipiga picha. Shemeji alimleta Mzee akiwa amevaa koti alilompigia pasi yeye mwenyewe, akamshika mkono mpaka kwa Panzi. Kaza aliwasha injini. Ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, kisha ikanguruma mpaka watu wakaziba masikio wakicheka. Binti alikuwa ameshakaa kwenye kiti, machozi yanamtoka chini ya miwani.

Ikaja zamu ya nyundo. Mzee aligonga nati zote, akishikiliwa kiwiko na shemeji. Mikono ilikuwa imeisha nguvu. Kaza alikuwa akisikiliza, kwa maana nati iliyokazwa hulia na iliyolegea huguna, na ya kulia mbele iliguna. Aliichukua nyundo mkononi mwa baba yake.

"Usiguse!" Shemeji alipiga kelele hata watu wakageuka. "Mmoja ulishaniulia, huyu hunichukulii!"

"Mama, mwache," binti akasema kutoka kwenye kiti.

Kaza aliinama kwenye gurudumu. Aligonga mpaka nati ikalia. Kisha akaweka nyundo chini, akasogea kando, uso unamwaka mbele za watu, na Mzee aliyesimama hatua chache hakusema lolote.

Panzi akaenda. Alizunguka uwanja mzima kwa mlio wake mkali, miguu yote minne ikizunguka barabara kwenye jua, akapita pale kwenye kona, akarudi. Binti alishuka anacheka na kulia, akamkumbatia mama yake. Shemeji naye alimgeukia Mzee, akamshika mikono yote miwili, akaibusu.

"Ahsante, Baba. Ungekaza wewe siku ile, mume wangu angekuwa hai."

"Mungu ndiye ajuaye, mwanangu," akasema Mzee, na akaiacha mikono yake ibusiwe.

Kaza alikuwa ameahidi moyoni kungoja, na angengoja miaka. Lakini kunyamaza ni jambo moja, kupokea shukrani ni jingine.

"Baba," akasema. "Mwambie."

Mzee aligeuza uso kulikotoka sauti, macho yake yenye ukungu yakimwomba. Binti aliacha kucheka, akawatazama wote wawili.

"Habu zilikuwa kinyume," Mzee akasema hatimaye, taratibu. "Nilizifunga mimi."

"Habu ni nini?" shemeji akauliza. "Kinyume vipi?"

Aliyejibu ni binti, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Maana yake gurudumu lilijifungua lenyewe, mama. Hata angekaza nani."

Shemeji alikuwa bado ameishika ile mikono. Aliuachia mmoja, kisha wa pili. "Nguo zako nafua mimi," alimwambia Mzee. "Miaka yote hii. Nguo zako nafua mimi." Alisema hivyo bila kelele, kama anayejaribu kuhakikisha jambo.

Kisha akamgeukia Kaza. Hakumwomba radhi. Hakuweza hata kumtazama usoni, alitazama mikono yake yenye grisi.

"Shemeji," akasema, "mpeleke baba yako nyumbani. Mimi leo siwezi."

Kwa miaka yote hiyo Kaza alikuwa amefikiri kwamba siku akiitwa hivyo atacheza barabarani. Alimshika baba yake mkono, akamwongoza hadi kwenye pikapu ya karakana, akamsaidia kupanda. Walipokaribia nyumbani Mzee alikohoa.

"Macho yangu hayakufika kule ng'ambo," alisema. "Pale kwenye kona, alikwenda vizuri?"

Kaza alitaka kunyamaza. Alikuwa na haki ya kunyamaza.

"Alikwenda vizuri, Baba."

"Magurudumu hayakutikisika?"

"Hayakutikisika."